Boonville ipi? Miaka minne na kitabu cha ramani cha madereva wa malori

Kitabu hiki nilikinunua nikiwa na hasira, kwenye kituo cha malori kando ya barabara kuu ya I-64, kusini mwa Indiana, huku trela langu limebeba mzigo uliokuwa ukisubiriwa Missouri.

Jioni ya kabla yake nilipakia Louisville. Dispacha (mpanga safari za madereva) wa kampuni niliyokuwa nayo wakati ule, kijana wa kwetu, alinipigia akasema, "Dada, mzigo ni wa Boonville. Saa moja asubuhi uwe mlangoni." Nikamjibu sawa. Karatasi za mzigo zilikuwa ndani ya bahasha na sikuzifungua, kosa ambalo sijalirudia tena. Niliandika Boonville kwenye GPS, ikaniletea mji, ikaniambia ni saa mbili na ushee, nikaondoka.

Mtego uko hapa. Ukitoka Louisville kwenda Boonville ya Indiana unashika I-64 kuelekea magharibi. Ukienda Boonville ya Missouri unashika I-64 hiyo hiyo, upande huo huo, hadi St. Louis, halafu unaunga I-70. Kwa hiyo hata mtu anayejua kwamba mzigo ni wa magharibi hashtuki. Mimi nilishtuka asubuhi, baada ya kulala ndani ya lori mjini, mlinzi wa ghala aliposoma karatasi zangu, akanirudishia na kuniwekea kidole palipoandikwa jina la jimbo. Zilikuwa zimebaki zaidi ya maili 300. Sheria inaniruhusu kuendesha saa 11 kwa siku, ndani ya saa 14 tangu nianze kazi, kwa hiyo nilifika siku hiyo hiyo, lakini zamu yangu ya kushusha ilikwishapita. Niliambiwa nirudi kesho. Maili za kupotea hazikulipwa.

Nikiwa narudi I-64 kwa barabara ya jimbo namba 61 nilijiapia kwamba sitaingia tena kwenye mji nikiujua kwa jina tu. Pale kituoni, kwenye rafu karibu na mlango, palikuwa na kitabu cha ramani cha madereva wa malori, kile kikubwa, kurasa zimefunikwa plastiki na mgongo wa waya. Nililipa dola 100 na kidogo. Toleo la karatasi tupu lilikuwepo kwa bei ya chini sana na nililiacha. Leo ni miaka minne, kitabu kimeshamwagiwa chai na supu, kimekanyagwa na viatu vya theluji, na hakijachanika ukurasa hata mmoja. Kwa hilo peke yake bei imerudi.

Nianze na kazi yake. Kila jimbo lina ramani yake, na barabara zinazoruhusu trela la futi 53 zimepakwa rangi tofauti na zile ambazo utalia ukiingia. Mbele kuna orodha ya madaraja ya chini kwa kila jimbo. Trela langu lina futi 13 na inchi 6, na orodha hiyo naisoma kabla ya safari yoyote ya mashariki. GPS ya lori nayo inaonya, sikatai, na bado ninayo. Lakini GPS hukuonyesha barabara iliyo mbele ya pua yako, wakati kitabu kinakulaza jimbo zima mapajani. Unaona mji, unaona kaunti iliyouzunguka, unaona mto, unaona barabara tatu zinazoingia na ile moja ambayo usiku ukiwa mkubwa ungependa kuikwepa.

Lakini kilichonifanya nikipende ni faharasa ya nyuma. Imepangwa jimbo kwa jimbo. Huwezi kutafuta Boonville bila kwanza kuamua uko jimbo gani, na uamuzi huo mdogo ndio uliokosekana usiku ule. GPS ilinipa Boonville iliyo karibu ikanyamaza. Kitabu kinakuuliza kwanza: ipi?

Sisi wa Afrika Mashariki tungepaswa kuijua shida hii. Mwambie mtu akukute Majengo, halafu ukae kumsubiri. Mombasa ina Majengo, Nairobi ina Majengo, Moshi na Dodoma nazo zina zao. Tofauti ni kwamba Majengo ni neno la kawaida, popote watu walipojenga lingeweza kuzaliwa. Boone ni jina la ukoo, na nilipoanza kulifuata kwenye faharasa, jimbo baada ya jimbo, nilikuwa naona njia ya familia moja na ya watu wengi waliokuja nyuma yake.

Kaunti za Boone ziko nane: Kentucky, Missouri, Indiana, Illinois, Iowa, Nebraska, Arkansas na West Virginia. Ile ya Kentucky naijua kama chumba changu, maana uwanja wa ndege unaoitwa wa Cincinnati uko ndani yake, ng'ambo ya mto kutoka Ohio, na maghala ya mizigo yamejaa huko. Sasa ongeza miji. Mji wa Boone, North Carolina, uko kaunti ya Watauga, juu milimani, futi 3,333 kutoka usawa wa bahari, na ukishuka na mzigo mzito kutoka huko utazikumbuka breki zako. Boonville ya Missouri haiko kaunti ya Boone. Iko Cooper, na kaunti ya Boone ni jirani yake upande wa mashariki, wenye mji wa Columbia. Boonville ya Indiana iko kaunti ya Warrick, wakati kaunti ya Boone ya Indiana iko mbali kabisa, kaskazini-magharibi mwa Indianapolis. Mji wa Boone ulioko ndani ya kaunti ya Boone, kama akili inavyotarajia, ni ule wa Iowa. Dereva mgeni akisikia "Boone" kwenye simu ana haki ya kuuliza mara tatu.

Mtu aliyeanzisha jina hili kwenye ramani ni Daniel Boone, mwindaji na mpimaji ardhi aliyezaliwa Pennsylvania mwaka 1734, babu yake akiwa ametoka Devon, Uingereza. Mwaka 1775 aliongoza kikosi cha wakata miti kama 30 kufungua njia kupitia pengo la milima la Cumberland hadi mto Kentucky, kwa kazi ya kampuni ya ardhi iliyodai kuinunua nchi hiyo kwa Wacherokee, kabila la wenyeji wa asili. Huko wakajenga ngome, ikaitwa Boonesborough. Walowezi walimiminika kwa njia hiyo, na Washawnee, kabila jingine la wenyeji, waliokuwa wakiwinda huko tangu zamani, walipigana kuizuia.

Na hapa kuna jambo ambalo ramani haiwezi kukwambia na ambalo linanisumbua kila nikiifungua. Si kila Boone ni wa Daniel. Kaunti ya Iowa imepewa jina la mwanawe Nathan, nahodha wa jeshi la farasi. Boonville ya Missouri inawakumbuka Nathan na kaka yake Daniel Morgan, waliokuwa wakichemsha maji ya chemchemi kupata chumvi ng'ambo ya mto Missouri kuanzia 1805. Ile ya Indiana, ile iliyonipoteza, ni ya ukoo mwingine wa Boon, usio na e mwishoni, ukoo wa Ratliff Boon aliyekuwa gavana wa jimbo hilo mwaka 1822. Na Boonville ya New York imepewa jina la Mholanzi, Gerrit Boon, wakala wa kampuni ya ardhi, aliyekuja kutafuta faida ya sukari inayotokana na utomvu wa miti. Kwa Kiholanzi jina lake ni maharagwe. Ukiwasikia watu wakisema miji hii yote ni ya mwindaji mmoja, wanarudia tu kile masikio yalichosikia. Hata kwenye miti waliwahi kuchonga "D. Boon" kusini huko na kuonyesha wageni, wakati Daniel mwenyewe aliweka sahihi kwa e.

Haya yote sikuyapata kitabuni. Nayaeleza kwa sababu ndiyo upungufu wangu mkubwa wa kwanza na bidhaa hii: inakupa mahali, haikupi nani. Najua ni kitabu cha barabara. Lakini kingeweka mstari mmoja kwenye kila jimbo, mstari tu, wa majina yanayojirudia na tofauti zake, madereva wangepotea mara chache zaidi. Kuna orodha nzima ya simu za ofisi za vibali ambazo sijawahi kupiga. Nafasi ipo.

Upungufu wa pili ni herufi. Majina ya kaunti yameandikwa kwa rangi hafifu na herufi za kujinyima, na kaunti ndiyo inayookoa. Usiku, chini ya taa ya ndani ya lori, nalazimika kuvaa miwani na kukisogeza kitabu hadi karibu na kioo. Wa tatu, katikati ya kurasa mbili za jimbo pana, waya unameza miji. Wa nne ni uzito, ila huo nimeuzoea, na ubapa wake umenifaa kama meza ya kulia zaidi ya mara moja.

Mimi naishi Lexington. Boonesborough iko nusu saa tu kutoka kwangu, unaiacha I-75 kwenye njia ya kutokea namba 95, na nilikaa miaka mingi bila kuingia. Nilipita hapo nikienda kusini, nikaona kibao, nikaendelea. Njia hiyo ikifika mbele inakata msitu wa taifa ambao hadi 1966 uliitwa Cumberland, kisha nao ukapewa jina la Daniel Boone, na ndani yake kuna njia ndefu ya miguu iitwayo Sheltowee, yenye alama ya kobe mweupe. Sheltowee, Kobe Mkubwa, ndilo jina ambalo Washawnee walimpa Boone walipomteka mwaka 1778 na chifu wao Blackfish akamfanya mwanawe. Alikaa nao miezi kadhaa, akatoroka mwezi Juni, akakimbia maili 160 hivi kurudi kuionya ngome. Jina moja tu kati ya yote yaliyomhusu lilitoka kwa wenye nchi, na liko kwenye njia ya waenda kwa miguu.

Jumapili moja baada ya kununua kitabu nilimchukua mzee mmoja Mkongo, jirani yangu, ambaye sote kanisani kwao na msikitini kwetu tunamwita Papa, tukaenda. Ngome iliyopo sasa imejengwa upya juu ya kilima. Ile ya asili ilikuwa chini, karibu na mto. Kuna nyumba za magogo, kuna mafundi wanaoonyesha kazi za wakati ule: mhunzi, mfumaji, mtengeneza sabuni. Papa, ambaye ujanani alifua majembe, alisimama kwa mhunzi mpaka nikaenda kuketi. Alipokuja aliniuliza, "Mama, na watu wetu je? Ngome hii waliijenga wazungu peke yao?"

Nilikuwa nimesoma kidogo kabla ya kwenda, kwa sababu swali hilo hilo nilikuwa nalo. Boone mwenyewe alimiliki watumwa. Kufikia 1787 walikuwa saba. Na ndani ya Boonesborough, baruti iliyotumika kwenye bunduki ilitengenezwa na mtu mweusi aliyeitwa Monk. Shura, makaa na salfa, kwa vipimo alivyovijua yeye. Bila baruti ile ngome isingekuwa na la kufanya. Alipanda pia miche ya matofaa. Jina lake la pili lilikuwa Estill, kwa sababu mtu aliyemmiliki aliitwa Kapteni James Estill.

Machi 1782 Wawyandot, nao kabila la wenyeji, walimteka Monk nje ya kituo cha Estill, ngome ndogo ya kapteni huyo. Walipomuuliza ndani kuna watu wangapi wenye silaha, aliwaambia ni wengi, na wakaondoka. Kituo kilikuwa karibu kitupu. Siku chache baadaye Kapteni Estill aliwafuatia, wakapigana, Estill akauawa. Monk akatoka mikononi mwao katikati ya vita, na vita vilipokwisha alimbeba mgongoni mtu aliyejeruhiwa, maili zipatazo 25, hadi nyumbani. Mtoto wa Estill akamwacha huru, na wengi humtaja kuwa mtumwa wa kwanza kupewa uhuru Kentucky.

Nilimsimulia Papa hivyo, tumekaa kwenye benchi, mto unaonekana kupitia miti. Hakusema kitu kwa muda. Halafu akaniambia, "Maili ishirini na tano na mtu mgongoni. Wewe unajua maili."

Tuliporudi garini nilifungua kitabu kwenye Kentucky. Kusini-mashariki mwa Boonesborough, kaunti ya jirani, kuna kaunti ya Estill, iliyoanzishwa mwaka 1808, mji wake mkuu Irvine. Imepewa jina la James, kapteni. Ndiyo maana nasema hasara kubwa ya kitabu hiki, na ya ramani yoyote, iko kwenye majina yenyewe. Watu wawili walibeba jina moja, mmoja alilirithi na mwingine alibandikwa, na ukisoma "Estill" kwenye ramani herufi ni zile zile kwa wote wawili, ila kaunti ni ya mmoja.

Safari ya mwisho niliyoifanya kwa ajili ya jina hili ilikuwa Frankfort, makao makuu ya Kentucky, nikiwa na mapumziko ya lazima ya saa 10. Makaburini juu ya mji kuna mnara wa Boone na mkewe Rebecca. Boone alifia Missouri mwaka 1820, nyumbani kwa Nathan, baada ya kupoteza ardhi yake yote Kentucky kwa hati zilizoandikishwa vibaya. Mwaka 1845 Kentucky ilituma watu wakafukua mifupa na kuileta hapa. Missouri wanasema hawakumchukua yeye, na kaburi la huko nalo bado linatunzwa. Fuvu lililotolewa wakati ule lilipigwa chapa ya plasta, na mwaka 1983 mtaalamu wa mifupa alipoichunguza chapa hiyo alisema huenda ni ya mtu mweusi. Makaburi yale ya Missouri yalikuwa na watu weusi waliozikwa humo pia. Chapa ile ilikuwa hafifu na ubishi haujaisha. Mimi nilisimama mbele ya mnara nikasoma Fatiha kwa yeyote aliye chini yake.

Turudi kwenye bidhaa. Naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja naishikilia mpaka waongeze ukubwa wa herufi za kaunti. Kama wewe ni dereva mpya, hasa kama Kiingereza cha kwenye simu bado kinakupita haraka, nunua toleo la plastiki, usidanganywe na bei ya la karatasi. Ukipewa mzigo, fungua bahasha, soma jimbo, soma msimbo wa posta, tafuta mji kwenye faharasa ya jimbo hilo, uone uko kaunti gani, ndipo uandike kwenye GPS. Mwambie dispacha akutajie kaunti. Akikwambia hajui, msubirishe aitafute. Dakika tano zake ni maili 300 zako. Na chunguza mwaka wa toleo, kwa sababu madukani hubaki ya miaka iliyopita yakiuzwa kwa bei ya mpya.

Plastiki ya kurasa ina faida nyingine ambayo hawaitangazi. Kalamu ya kawaida ya ubao inaandika juu yake na inafutika kwa kitambaa chenye maji. Kila safari nachora njia yangu kwa bluu, nikifika nafuta. Kando ya kila Boone na kila Boonville, lakini, nimeandika kwa kalamu nyeusi ile isiyofutika: Daniel. Nathan. Ratliff, bila e. Gerrit, Mholanzi. Imechukua miaka minne na bado Nebraska na Arkansas hazina kitu, sijapata la kuandika nililo na uhakika nalo.

Kwenye ukurasa wa Kentucky, juu ya kaunti ya Estill, nafasi ilikuwa finyu kwa sababu ya barabara. Papa ndiye aliyenishikia kitabu kisitikisike. Nimeandika Monk.